Fremu ya Kumi

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ufugaji nyuki, mtaa wa Sokon I, penye fremu za mbao ambazo nyuki hujengea masega, akaingia mama mmoja wa kijiji cha Oldonyo Sambu, akaweka chupa ya asali kaunta.

"Shikamoo, mama," muuzaji akasema.

"Marahaba. Unakumbuka nilivyokununia? Nilitaka fremu kumi za kujaza mzinga, ukakataa kuniuzia ya kumi."

"Nilikuambia tisa zinatosha, uzitenganishe kidogo."

Mama akatanua kidole gumba na cha shahada. "Nyuki wamejaza zile nafasi. Sega limekuwa nene hivi, limejaa asali. Hii chupa ni yako, baba."

Muuzaji akaipokea kwa mikono miwili. Mimi nimenunua mengi mjini humu, ila sijawahi kurudi dukani kushukuru kwa nilichokataliwa kuuziwa.