Keji, Msichana Aliyechukuliwa na Shirika

Mwaka wa 2008 Alek alikuwa mchoraji wa shirika moja la afya mjini Juba. Alichora mabango ya kufundisha watu kunawa mikono na kuchemsha maji. Alikuwa amekulia Eldoret, na tangu arudi Juba amani ilipopatikana, kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake mtaani Hai Cinema.

Jioni alichora yake: hadithi ya picha juu ya Keji, msichana mtundu anayejibizana na kila mtu sokoni. Aliipigisha chapa Kampala, na watoto wa mtaa wa Buluk wakaanza kuazimana kitabu hicho.

Asubuhi moja akaitwa na Fulgensio, msimamizi wa wafanyakazi, mtu mpole aliyeishi Uganda miaka ya vita. Kitabu kilikuwa mezani.

"Dada Alek, hii kitabu ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Mkataba inasema kila kitu mfanyakazi nachora ni ya shirika. Mkubwa nauliza."

"Hata ninachochora kwangu, Jumapili?"

"Ya nyumbani mimi naweza kutetea. Lakini wewe ulitumia kompyuta ya ofisi?"

 Kurasa za mwanzo Alek alizisafishia kwenye kompyuta pale ofisini, wakati jenereta ya mtaani kwao ilipoharibika. Hakuna aliyemwona. Akaomba ajibu kesho.

"Kataa tu," mama yake alimwambia. "Nani atajua?"

"Kompyuta inaweka kumbukumbu, mama. Wakigundua baadaye nitakosa kazi na Keji pia."

Kesho yake akasema kweli. Kisha akangoja, akishtuka kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa.

Hatimaye Fulgensio akaja mwenyewe mezani kwake. Uamuzi ulikuwa kwamba kitabu, pamoja na Keji, ni mali ya shirika. Vingine atakavyochora nyumbani, kwa vifaa vyake, vitakuwa vyake. Hilo alikuwa amelipigania mpaka likaandikwa.

"Malesh, pole dada. Mimi nimejaribu."

Alek akatia sahihi barua ya makubaliano. Baada ya wiki chache aliagizwa amchore Keji akinawa mikono, kwa bango la mtaa wa Mangateen. Akamchora amefunga mdomo, kama walivyotaka.

Nyumbani alianza hadithi nyingine, ya mama muuza chai. Alinunua kalamu zake na karatasi zake. Hata hivyo, kila mtu wa ofisini alipoutazama mkoba aliobebea karatasi hizo, Alek aliuvuta karibu.