Jiko la Wagonjwa wa Sukari

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na upawa wangu wa kifuu kutoka nyumbani, nikidhani hospitali hawana. Mpishi Mkuu, mzee mwenye sauti kama bata aliyekwamwa na mwiba, akanitolea macho. "We binti, huo upawa wa nini? Hapa tunapima kwa kikombe!" Nikamwambia, "Shikamoo kwanza." Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na mimi nikaingia jikoni. Kalamu sijapata kuishika, haya nisemayo anaandika mwingine. Lakini sufuria nilizishika tangu bendera ya Uhuru haijapauka.

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa Msambweni. Miaka miwili niliosha vyombo. Wa tatu nikapewa meza ya pembeni, tukiiita meza ya sukari, maana hapo palipikwa chakula cha wenye kisukari. Maagizo yalibandikwa ukutani, na mimi nikiyaona kama nyayo za kuku. Mpishi Mkuu akanisomea mara moja tu: wali kikombe kimoja, kisifurike. Mboga za majani nusu ya sahani. Samaki wa kuchoma, wa kukaanga asionekane. Mchuzi wa tui la pili, lile jepesi linalotoka nazi ikishakamuliwa. "Umeshika?" "Nimeshika." Na nilishika. Asiyejua kuandika hana budi kukumbuka.

Mkubwa wetu sote alikuwa Bwana Mganga, mtu wa bara, mrefu, akisema polepole kama anayeogopa maneno yatamwishia. Alikuwa na dawa ya buluu katika kichupa cha kioo. Anatia matone ya mkojo wako, anachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, mkojo hauna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Manjano, jihadhari. Ikiwa nyekundu kama tofali, mama yangu, umejaa sukari kama mzinga wa nyuki. Rangi hizo hazikutaka shule. Nilizisoma kuliko Sista, muuguzi wa wodi.

Basi akaja Bi Mejumaa. Huyu alikuwa mpishi wa harusi, kutoka Diani mpaka Lunga Lunga. Harusi isiyokuwa na pilau yake watu waliihesabu ni posa tu. Alikuja anachechemea. Akitembea kidogo, shavu la mguu linambana kama limeshikwa na kaa, akisimama linaachia. Bwana Mganga akachemsha kichupa chake: tofali. Akambonyeza chini ya mbavu za kulia, akashika mguu, akatafuta mapigo ya damu juu ya wayo, akatafuta weee, asiyapate.

"Mama," akasema, "hii ini imejaa mafuta. Na mishipa ya mguu imebana, damu haipiti mzuri. Mimi nakupea miezi tatu. Dawa utameza, lakini chakula na kutembea, hiyo ndiyo dawa kubwa. Ukikataa, siku moja kidole itapata kidonda, kidonda haitapona, na mguu tutakata."

Bi Mejumaa akamjibu kwa ile sauti yake ya pipa: "Ukate mguu? Kwenye sufuria la harusi nitasimama na nini? Kwa huo ulimi wako?"

Akalazwa wiki mbili. Sahani yangu ya kwanza aliitazama kama mtu aliyeletewa barua ya talaka. "Siti, wewe ndiye unipikie mimi? Tui gani hili, umeosha nazi ukatuletea maji yake?" Hakula. Lakini hakukonda! Kila nikipita nasikia iliki. Saa ya kutazama wagonjwa, shangazi na binamu waliingia wanene wakatoka wembamba, maana chini ya mabuibui mlikuwa na mahamri, wali wa nazi na tende.

Nikamshika. "Bibi, unakula."

"Mie? Naonja. Mpishi huonja. Kuonja si kula."

"Na tende?"

"Tende ni sunna. Unabishana na sunna?"

"Sahani nzima, bibi?"

"Naonja mpaka chini, nijue kama chumvi imefika."

Sukari ya kwenye chai alikuwa ameiacha kweli, akajiona mcha Mungu. Hakujua kwamba wali na mahamri mwilini ni sukari vilevile. Na kwa kweli kwenye harusi zake mwanamke yule aliingia jikoni alfajiri akaonja mpaka magharibi, kisha akala cha usiku kwa sababu "sijala tangu asubuhi".

Kwa maneno nisingemweza. Siku moja nyama ikaletwa jikoni na maini mawili: la mbuzi wa malisho, na la kondoo aliyefungwa kambani akalishwa mpaka akashindwa kusimama. Nikayatia kwenye sinia, nikaingia nayo wodini. Sista akapiga ukelele kwa puani: "Maini! Wodini! Mwanasiti, una wazimu?" Sikumjibu. Nikamwekea Bi Mejumaa mapajani.

"Mpishi wa harusi, nichagulie."

Hakufikiri hata kidogo. "Hili jekundu zuri, kavu, la mnyama anayetembea. Hili jingine limepauka, mafuta matupu, ukishika linateleza. Huyu alikuwa wa kufungwa."

"Ahaa. Na lako wewe, bibi, ni lipi?"

Akalibonyeza lile lililopauka kwa kidole, kisha akajishika ubavu. Jioni ile alikula sahani yangu, akasema haina ladha, akaimaliza.

Chakula tukakishinda. Kutembea sasa! Alipotoka hospitali akagoma. "Nitembee naenda wapi? Mtu mzima nizurure bure kama nimerogwa? Watu waseme nini?" Na hapo alikuwa na haki, sisi mtu haondoki kwake bila shughuli. Basi nikampa shughuli. Nikapita kwake, maana kijiji chetu kimoja: "Bibi, Bi Riziki wa mwisho wa kijiji nina shida ya kumfikishia salamu, na mimi nachelewa kazini." Salamu ni amana, haikataliwi wala haitumiwi mtoto. Akaenda. Bi Riziki tulishapatana: akampa kahawa chungu, na salamu za kupeleka kwa Mwanakombo, mbali zaidi. Mwanakombo akazirudisha kwa Bi Riziki. Kijiji kizima kikasalimiana kuliko siku ya Idi.

Mwanzo alisimama mara tano njiani, ameshika mguu, anatutukana wote. Baadaye mara tatu. Ikafika siku akaenda na kurudi bila kusimama, akanikuta mlangoni kwangu. "Siti, ulidhani mimi mjinga? Salamu saba kwa siku moja, mimi ni balozi?" Nikasema, "Basi acha." Akasema, "Niache? Bi Riziki nimwache na salamu yangu?"

Miezi mitatu ikatimia. Bwana Mganga akatia matone, akachemsha. Tukangoja tofali. Kichupa kikabaki buluu. Akakitikisa. Akakichungulia kwenye dirisha. "Hapana. Leteni ingine." Akachemsha tena: buluu! Akambonyeza mbavu, ini halikugusika tena. Akashika wayo, mapigo yakamgonga vidole. Yule mtu wa maneno ya kuhesabu akasema yote kwa mkupuo: "Mama hongera mguu ni yako nenda nayo!" Sista akapiga vigelegele, yeye mwenyewe, kwa puani. Wiki ya pili Bi Mejumaa alisimama kwenye sufuria la harusi tangu alfajiri, kijiko kimoja cha kuonjea mkononi, na kila akionja anatema.

Baadaye nikahamishiwa zahanati ya Matuga, nikafundisha wasichana waliosoma kuliko mimi. Waliandika, mimi nikaonyesha: wali kikombe, majani nusu sahani, tui la pili, na jasho kila siku. Vidonge vina kazi yake, sitasema uongo. Lakini kidonge hakimtembezi mtu. Sasa nimestaafu, nawaona nyinyi mnapanda pikipiki kwenda kununua chapati nyumba ya tatu. Endeleeni, nitawaletea sinia.

Bi Mejumaa alikufa kikongwe, ameshapikia harusi za vitukuu. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Mwosha hasimulii alichokiona, ila la kheri husemwa. Nilipofika miguuni nilivipitishia maji vidole kimoja kimoja, taratibu, nikivihesabu. Vilikuwa kumi.