Ngoma Niliyoipandisha Juu ya Pumzi ya Koinet

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kitufe hata kimoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimetoka Kilimanjaro na begi moja, na Mkuu wa Mitambo wa studio moja ya Arusha alinikabidhi pamba na chupa ya spiriti. "Safisha vichwa vya mashine," alisema. Vichwa ni vile vyuma vidogo ambavyo tepu hupita juu yake ili isomwe. Nilisafisha asubuhi nzima. Mchana Mkuu akapitisha pamba mpya, ikatoka na doa la kahawia.

"Hii ni sauti ya mtu," alisema. "Umemwacha humu ndani. Rudia."

Mashine yetu ilikuwa ya njia nne. Maana yake, kwenye utepe mmoja unaweza kurekodi sauti nne kando kando, kila moja na njia yake. Ukitaka kuongeza, unamvalisha mpigaji hedifoni, anasikiliza kilichokwisha rekodiwa na kupiga chake kwenye njia nyingine. Tuliita kupandisha. Njia tatu zikijaa, unazikusanya: unacheza zote tatu kwa pamoja na kuzimimina kwenye ya nne, kisha unafuta zile tatu upate nafasi. Ila kilichokusanywa hakitenganishwi tena, sawa na maziwa yaliyokwisha mwagwa kwenye chai.

Kwa hiyo Mkuu alikuwa na amri moja. "Kabla ya kukusanya, toa nakala kwenye tepu nyingine. Hata kama unajiamini. Hasa kama unajiamini."

Miaka sita baadaye nilihamishiwa Karatu, kwenye studio ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mahindi. Kuta tulizifunika kwa magodoro. Bosi wangu, Meneja, alikuwa mtu wa utalii asiyejua muziki lakini aliyejua anachotaka: bendi yake ya roki, iliyopiga kwenye loji za watalii, isikike nzito kama za Ulaya.

Uzito huo niliupata, nasema bila haya. Siri yake ilikuwa kurekodi dramu mara mbili. Mpiga dramu wetu alikuwa Tluway, Mwiraqw wa Karatu, mwenye mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Mangi, nimeshapiga vizuri," aliniambia mara ya kwanza; kila aliyetoka Kilimanjaro kwake alikuwa Mangi. "Unataka nini tena?"

"Piga tena vilevile, juu ya ile ya kwanza."

"Nikipiga vilevile, ya pili ya nini?"

"Hutaweza kupiga vilevile. Hicho ndicho ninachokitaka."

Alitukana kidogo kwa Kiiraqw, akapiga. Ngoma ya pili ilipishana na ya kwanza kwa upana wa unywele, na huo upana ndio uliofanya mtu mmoja asikike kama wawili. Tulipocheza, Tluway alivua hedifoni, akaitazama mikono yake. "Kumbe niko wengi," alisema. Kuanzia siku hiyo alidai kupandishwa hata mara tatu.

Kisha akaja Koinet. Alikuwa morani kutoka Endulen, aliyeshuka na ng'ombe kwenye mnada wa Karatu pamoja na wenzake watano wa rika lake. Tluway aliwasikia wakiimba kando ya zizi, akawaleta studio. Meneja alifurahi. "Warekodi," alisema, "halafu wapandishie ngoma. Watalii wataipenda."

Wasiowajua Wamaasai wajue hili: nyimbo zao za jadi hazina ngoma. Kiongozi huimba, na wenzake huitikia kwa koo, mvumo mzito unaotoka kifuani kila mrukaji anapogusa ardhi. Hiyo pumzi ndiyo ngoma yao. Mimi nilijua hawana ngoma. Nikadhani ni pengo.

Niliwavalisha hedifoni zenye mdundo wa kuhesabia. Koinet alisikiliza, akazivua, akanirudishia kwa heshima. "Hiki kinachogonga hakipumui," alisema. "Sisi tukichoka tunapunguza, tukipata moto tunakimbia. Hiki kitatusubiri?"

"Hakisubiri mtu."

"Basi kiache kiende peke yake."

Wakaimba walivyotaka. Koinet nikamweka njia ya kwanza, waitikiaji njia ya pili. Nimerekodi watu wengi maishani, na sijarudia kupata kitu kama kile. Magodoro ukutani yalitikisika. Wimbo ulikuwa wao, walioutunga wenyewe kwa rika lao. Walipomaliza Koinet aliomba jambo moja tu: kama walivyoimba, bila kitu juu yake, niwatolee kaseti waende nayo nyumbani. Nikakubali.

Walipotoka, Tluway akapiga ngoma yake kwenye njia ya tatu, akihangaika kuwafuata. Meneja alikuwa amekaa nyuma yangu, na mimi nilitaka aone mikono yangu inavyokwenda haraka. Tepu tupu ilikuwa kabatini, hatua tano kutoka kiti changu. Sikuifuata. Nilikusanya njia tatu kwenye ya nne, nikafuta, nikampandisha Tluway mara ya pili, na ya tatu, na gitaa juu. Meneja akapiga makofi. Ilisikika nzito kama alivyotaka.

Kesho yake niliisikiliza kwa utulivu, nikatambua. Ngoma kubwa, ile inayopigwa kwa mguu, inakaa chini kabisa kwenye sauti, mahali palepale linapokaa koo la Mmaasai. Nilikuwa nimezika wanaume watano chini ya mguu wa Tluway, na nakala sikuwa nayo.

Koinet alirudi mnada uliofuata. Nilimchezea ile yenye ngoma. Alisikiliza hadi mwisho. "Na ile yetu?"

"Ipo kabatini," nikasema. "Ufunguo umepotea."

Kufuta lilikuwa kosa la fundi. Hili la ufunguo lilikuwa langu mimi mwenyewe. Alipita tena mara mbili, na mara mbili ufunguo ulikuwa umepotea. Kisha hakuja tena. Nikaendelea na kazi, tepu ikaondoka, kompyuta ikaja yenye njia zisizohesabika, ambayo haifuti kitu usipoiamuru mara mbili. Nilistaafu nikiitwa mwalimu.

Mwaka huu alinijia mwanamke mmoja nyumbani Karatu, amevaa koti la unesi. Jina lake Nasieku, binti wa Koinet.

"Shikamoo mzee. Baba anaumwa. Wale alioimba nao amebaki mmoja tu. Anasema sauti zao ziko kabatini kwako."

Nilimwomba siku tatu. Nilikwenda kwa fundi aliyerithi kiti changu, kwa kuwa siku hizi kompyuta inaweza kuchambua wimbo: sauti huku, ngoma kule. Tuliipa ile tepu ya zamani. Sauti ya Koinet ikatoka safi, ya ujana. Lakini waitikiaji hawakuwemo. Mashine ilikuwa imeichukua pumzi yao kuwa ngoma, ikaitupa pamoja na za Tluway. Ilifanya kosa langu lilelile.

Nilipanda na Nasieku hadi Endulen. Koinet alikuwa ameegemea ukuta wa boma juani, shuka hadi shingoni. Kando yake alikaa Sironga, yule mwenzake aliyebaki. Nilimchezea Koinet kilichotoka, kwenye simu yangu. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Huyu anaimba peke yake," alisema. "Wako wapi?"

"Niliwafuta. Siku ileile, kabla hamjarudi mnadani. Hakukuwa na ufunguo."

Sironga akacheka hadi akakohoa. "Mangi, hata kabati halikuwa na kufuli. Niliegemea mlango wake ukafunguka."

"Tulijua," Koinet alisema. "Nilikuwa narudi nikuone ukisema. Ukachelewa."

Nasieku akauliza kama naweza kuwarekodi sasa. Koinet alikataa kuimba. Sauti ya kwenye simu, alisema, inatosha, na hana haja ya kushindana nayo. Ila alimtazama Sironga, na wale wazee wawili wakaanza kuitikia, koo tu, polepole, wakipumzika katikati. Dakika mbili hivi. Nikaishika simu kwa mikono yote miwili.

Nasieku anataka niweke pumzi ile chini ya sauti ya ujana ya baba yake. Nimepima: haifiki mwendo wake. Kompyuta ingeweza kuivuta ikafika, na hakuna ambaye angetambua. Nimemwambia akamuulize baba yake kwanza, na jibu lake nitalifuata lilivyo.

Ninaloweza kuwaambia ninyi mnaokaa kwenye kiti kile leo ni nilichofanya palepale bomani, kabla sijaisikiliza hata mara moja. Nilitoa nakala mbili. Moja nikamkabidhi Nasieku, ya pili nikamwekea Sironga kwenye simu yake. Yangu ndiyo ya tatu.