Odeta, Mabawa na Kiti cha Farouk

Alfajiri katika uwanja wa ndege wa Mwanza, Odeta Masalu anapanda ngazi ya mbao akiwa na ndoo, kitambaa na kinyongo.

Kitambaa ni cha wadudu wa ziwani, ambao jioni huruka kwa makundi kama moshi, ndege inayotua ikawaponda kwa mabawa. Kinyongo ni cha Farouk, mjaza mafuta.

"Wakikauka wanakuwa kama msasa," anasema mama huyu wa mtaa wa Kiseke. "Hewa haitelezi tena, ndege inavutwa nyuma."

Tangu biashara iachiwe huru na minofu ya sangara ianze kwenda Ulaya, ndege ndogo za wafanyabiashara zimeongezeka. Odeta ameziosha miaka mitatu bila kupanda hata moja.

Rubani Alexander alimwahidi kiti siku ya kujaribu ndege iliyotoka kwenye matengenezo. Siku ilipofika, Odeta alikwenda kubadilisha maji. Aliporudi, Farouk alikuwa amekwisha kufungwa mkanda.

Huko juu rubani alipunguza mwendo na kuinua pua ya ndege kupita kiasi, hadi hewa ikaachana na mgongo wa bawa. Bawa likaacha kubeba, ndege ikazama kidogo kabla ya rubani kuishusha pua na kuituliza. Ni zoezi la kawaida, lakini Farouk hulisimulia kila chai ya saa nne.

"Dada Odeta, honi ya onyo ililia, tumbo likabaki juu," humwambia. "Wewe ungemwita marehemu bibi yako."

"Na wewe ulimwita nani?"

Hapo Farouk hukumbuka kazi. Rubani ameshasema kwamba alimwita mama yake, tena kwa sauti.

Wiki iliyofuata Farouk alialikwa tena. Odeta alisimama mbele ya bawa na kitambaa kikavu. Bawa chafu huacha kubeba mapema kuliko rubani anavyotarajia, na Odeta alilijua hilo.

"Niliwaza nimwachie la kushoto bila kuliosha," anakiri. Kisha akaloweka kitambaa, akaosha yote mawili. "Wangeanguka, Farouk angetangazwa redioni. Nisingevumilia."

Jumamosi hii kiti ni cha Odeta. Farouk, kwa upole usio wa kawaida, amejitolea kuosha mabawa ili dada apumzike.

Odeta amekataa. Atawahi kuamka, ayaoshe mwenyewe.

"Mtu mwenye wivu akishika kitambaa," anasema, "mimi najua anawaza nini."