Siku Bidaaban Alipoacha Kumtania Shemejiye

Ulimi wa Bidaaban haukujua mapumziko. Hapa kwetu, kwenye ghuba ya kaskazini ya Ziwa Huron, watu walisema hata bata bukini wakipita juu ya paa lake hupanda juu kidogo wasije wakasemwa. Na aliyesemwa kuliko wote ni shemeji yake Wabose, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye juu ya mateso hayo alikuwa pia chifu wetu. Kwetu shemeji ni wa kutaniwa, hilo halina mjadala. Ukimwona mtu anamwamkia shemejiye kwa adabu, jua pana ugomvi.

"Chifu gani huyu, miguu kama vijiti vya kuchomea samaki!" Bidaaban alimpigia kelele mbele ya watu.

"Na hao samaki si ndio nilikuletea jana, shemeji?"

"Wale? Mie nilidhani ni chambo!"

Basi mwaka ule Padri Pettigrew akataka mahali pa kujenga kanisa. Alikuwa mtu mwema, maskini, na lugha yetu aliizungumza kwa namna ya kumchekesha hata mgonjwa. Akazunguka pwani yote: hapa pana mbu, pale pana tope. Mwisho akapanda kilima cha miti ya sukari, akafuta jasho, akasema hapahapa. Kilima chenyewe ndipo Bidaaban alipochemsha utomvu wa miti hiyo uwe sukari kila theluji ilipoanza kulegea, na mama yake kabla yake, na bibi yake. Kwetu miti ile ni ya mwanamke anayeitoboa utomvu, na hakuna aliyewahi kumdai karatasi.

Tukaambiwa sheria haituruhusu kumpa padri ardhi mkono kwa mkono. Lazima tumkabidhi Malkia wa ng'ambo kwanza, halafu Malkia ndiye alipatie kanisa.

"Makubwa!" akasema Bidaaban. "Padri huyu hapa, kilima kile pale, halafu ardhi iende ng'ambo kusalimia kwanza? Akiisahau huko je? Shemeji, mwambie huyo Malkia aje mwenyewe na mwiko wake, na kuni akate mwenyewe, mie simkatii!"

Wabose alicheka mpaka akakohoa. Akawasimulia wenzake, wenzake wakawasimulia wake zao, na kwa siku kadhaa ghuba nzima ilikuwa ikimkatia Malkia kuni. Hapo ndipo Bidaaban alipokwama. Alikuwa akiomba, jamani, alikuwa akiomba kwa moyo wake wote, na watu wakasikia utani. Kila alipomwendea Wabose, mdomo ulifunguka wenyewe kwa mzaha, naye akaondoka akiwa amechekesha tu. Alirudi nyumbani akalia kwa hasira.

Siku ya baraza akaja afisa wa serikali na mkalimani, karatasi ikatandazwa mezani. Wazee wakaanza kuchora alama za koo zao. Ilipofika zamu ya Wabose, akashika kalamu achore korongo, ndege wa ukoo wake, na nyumba nzima ikamgeukia Bidaaban, vicheko vikiwa tayari kooni.

Bidaaban akasimama, akaweka shali yake vizuri.

"Mheshimiwa chifu," akasema, "naomba usikubali. Sukari ya kilima kile ndiyo inayonivusha siku za njaa. Mama yangu alifia pale akiwa kazini. Nakuomba kwa heshima zote." Akaketi.

Hakuna aliyecheka. Wabose akajaribu kutabasamu, uso ukakataa.

"Shemeji, mbona hivyo? Nitanie basi. Sema hata hii miguu yangu."

"Miguu yako ni mizuri, mheshimiwa."

Loo! Mzee mmoja aliangusha kiko chake. Afisa akamwinamia mkalimani. "Huyo mama amesema nini?"

"Amesema miguu ya chifu ni mizuri."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Ndilo hilo, bwana. Hapa pameharibika."

Wabose akaweka kalamu chini. Akasema kilima hakitoki. Afisa akajibu kwamba hawezi kurudi mikono mitupu, na padri anataka pakavu penye mwinuko. Pakavu pengine palikuwa mahali pamoja tu, na sote tulipajua: shamba la mahindi la Wabose mwenyewe, alilolifyeka na marehemu kaka yake. Wabose akaichukua tena kalamu. Kisha akasema, "Basi liandikeni lile," akachora korongo wake.

Moyoni alijua ameliazimisha tu shamba. Na sisi pia, usimcheke peke yake. Kwetu mwenye shida humwomba mwenzake mahali pa kutegea nyavu, hutumia, akimaliza hupaacha. Tukadhani Mungu naye atamaliza shida yake upande mmoja wa shamba, na Wabose atapanda upande wa pili.

Majira yote ya baridi Bidaaban hakumtania. Si kwamba alikuwa na hasira bado. Aliona aibu kwa ile heshima ya barazani, hakujua aanzie wapi. Theluji ilipolegea, akiwa kilimani anakoroga sukari, akamwona Wabose anapanda taratibu, mkono mtupu.

"Wamejenga uzio," akasema. "Shamba lote. Nimeambiwa nisikanyage, ni la Malkia."

Bidaaban akamtazama. Alijua kabisa uzio ule ulipaswa kuwa hapa, kati ya miti yake.

"Mjinga mkubwa we," akasema, akikoroga kwa nguvu. "Chifu mzima, unamwachia Malkia mahindi, kunguru wote wanakusikitikia! Sasa kaa hapo. Kuanzia leo utakula kwangu, na kila tonge nitakusimanga. Hutameza bila masimango, umenisikia?"

Wabose akaketi kwenye gogo. Akacheka huku analia, wala hakujificha.

"Nisimange, shemeji," akasema. "Anza sasa hivi."