Marahaba ya Fundi Shaibu

Kama ulipata kushonewa kanzu Kirumba kabla ya mwaka juzi, basi Fundi Shaibu alikupima huku anakusimulia, na ukatoka pale na kanzu moja na habari za mtaa mzima. Mtu yule alikuwa na maneno, jamani. Mkewe, Mwanvua, alizoea kusema kwamba ukiona mume wangu kanyamaza, ujue kalala.

Kiharusi kilimkuta mezani, mkasi mkononi. Alipotoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa mzito, na mdomoni limebaki neno moja tu linalokuja linapotakiwa: marahaba. Akitaka maji, hapati neno. Akitaka kujua kama cherehani yake imefunikwa, linatoka "Mwanvua". Lakini mtoto wa jirani akipita na shikamoo yake, Shaibu anaitikia "marahaba" iliyonyooka, utadhani hajaugua hata mafua.

Marahaba hiyo ndiyo iliyomponza.

"Mbona hiyo anaisema?" aliuliza mdogo wake, Muharami, palepale mbele yake, kama vile anayezungumziwa ni kabati. "Kaka anajifanya. Au kuna mtu kamfunga ulimi."

Shaibu alisikia kila neno na kulielewa. Alitamani kumpa jibu moja tu, lile la zamani la kumfanya mtu atafute njia ya kwenda kwao. Likatoka "Mwanvua". Muharami akacheka, na Shaibu akamchukia kutwa nzima.

Binti yake wa pekee, Raya, ndiye aliyempeleka Buswelu, kwenye kliniki ndogo ya Bernadetta Kahigwa, mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni mama wa Kihaya, na kwa sifa waliyonayo Wahaya, kujiamini kwake hakukumshangaza mtu. Alivuta kiti akakaa uso kwa uso na Shaibu, akaongea na yeye, si na Raya.

"Mzee, akili yako haijaenda popote. Maneno yamo. Njia ya kuyafikia ndiyo imeharibika. Salamu umeizoea mno, haihitaji kutafutwa, inatoka yenyewe kama unavyohesabu au kusoma Fatiha. Hiyo njia kuu iliyoharibika tuiache kwanza. Tutafute kichochoro."

Shaibu alilia. Miezi mitano alikuwa anamngoja mtu wa kusema hivyo.

Kichochoro chenyewe hakikuwa mchezo. Unagonga meza kwa mkono wa kushoto, na neno unaliimba nusu: ma-ji. U-zi. Cha-i. Wiki saba zilipita kabla "maji" haijatoka bila kusindikizwa. Bernadetta akatoa na amri ya nyumbani: msimmalizie maneno, msubirini. Mwanvua na Raya walitii. Muharami alimalizia kila kitu, hata ambacho kaka yake hakukusudia kukisema.

Halafu Raya akachumbiwa na kijana wa Kisesa, na furaha ikaja na balaa lake. Kwenye nikaha baba ndiye anayemwoza bintiye, kwa mdomo wake mwenyewe: nimekuozesha binti yangu Raya, kwa mahari tuliyokubaliana. Anaweza kumwomba mtu mwingine amwakilishe, dini haikatazi, na Muharami alikuwa tayari. Kanzu keshanunua.

"Kaka, fikiria," alisema, na safari hii hakuwa na utani. "Ukimtafuta Raya, anakuja Mwanvua. Utamwoza mkeo mbele za watu. Tutaficha wapi sura zetu?"

Shaibu aligonga paja lake. "Mi-mi," alisema. "Mi-mi ba-ba."

Mazoezi yakawa ya kila siku. "Nimekuozesha" ilikubali. "Binti yangu" ikakubali. Jina ndilo lililogoma. Siku tisa kabla ya harusi alikuwa bado anamwoza Mwanvua, na jasho linamtoka.

Siku hiyo Raya alichelewa kumfuata. Akaingia kliniki anahema. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, Raya."

Bernadetta akaacha kuandika. "Mzee, umejisikia?"

Hakujisikia. Wala nyumbani hakuna aliyewahi kusikia; nani husikiliza marahaba? Miaka ishirini na minne alikuwa anamwitikia hivyo kila asubuhi, na jina likawa limebebwa mgongoni na salamu.

"Basi," alisema Bernadetta, "likikukwama, mwitikie. Kimoyomoyo. Halafu endelea."

Ijumaa sebule ilijaa wanaume. Wanawake walikuwa chumbani, mlango wazi, pazia limeshushwa, na Bernadetta yuko huko ndani kajitanda mtandio wa kuazima. Bwana harusi aliushika mkono mzito wa Shaibu. Ule wa kushoto ulikuwa juu ya goti, uko kazini.

"Karibu, mzee," alisema sheikh.

Vidole vikagonga. "Ni-me-ku-o-ze-sha." Mtu mmoja akashusha pumzi. "Bin-ti ya-ngu..."

Ikaja M. Aliisikia kabisa, imeshafika kwenye midomo, inavuta Mwanvua mzima nyuma yake. Akafunga mdomo. Akaitikia kimoyomoyo, marahaba, marahaba, na M haikuondoka. Bwana harusi aliangalia mkeka. Shaibu aliona wazi kwamba akifungua mdomo sasa, mtaa utacheka mpaka wajukuu zake wazeeke.

Muharami akasogea mbele. "Sheikh, naomba nimsai—"

Mkono wa kushoto ukapanda. Ngoja.

"Marahaba," alisema Shaibu, kwa sauti.

Watu wakatazamana, hakuna aliyemwamkia. Huko nyuma mtu akakohoa kuficha kicheko. Muharami akainamisha kichwa kwa aibu.

"Marahaba, Raya," alisema Shaibu. Akavuta pumzi, akaanza upya kutoka mwanzo, bila kugonga. "Nimekuozesha binti yangu Raya, kwa mahari tuliyokubaliana."

"Nimekubali," alisema kijana wa Kisesa, haraka, kabla neno halijapoa.

Vigelegele vilipopungua wakamwingiza Shaibu chumbani. Raya alikuwa amekaa kitandani, hina mikononi mpaka kwenye viwiko, macho yamemlowa. Akateremka akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Shaibu akafungua mdomo. Neno lile ambalo kiharusi kilishindwa kumnyang'anya, leo halikutoka. Alikuwa analia. Shangazi mmoja akaanza kumwitikia badala yake, "Maraha—"

"Msimmalizie," alisema Muharami, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Msubirini."

Wakamsubiri.