Mtu Aliyenisindikiza Kutoka Kalundu

Najua utakachosema. Utasema nilikuwa na homa, au njaa, au nilikuwa nimekunywa. Yote hayo nilijiambia mwenyewe kabla yako, na nilijiambia kwa ukali zaidi, kwa sababu mimi ndiye yule aliyefukuzwa katekisimu kwa kuuliza ni nani aliyekuwepo kumwona Adamu akiumbwa. Nimesoma historia chuo kikuu. Sikubali jambo kwa sababu tu mtu mzima amelisema. Lakini hili lilinipata mimi, mchana, jua likiwaka, hapa hapa Uvira, kando ya ziwa, na sitalipunguza ili wewe ulale vizuri.

Lilianza na yaya Solange, maana dada mkubwa huku tunamwita yaya, binti wa mama yangu mkubwa. Anaishi Genova, mji wa bandari huko Italia, anamtunza bibi mmoja mzee. Siku zake za mapumziko hutembea kuangalia vitu vya kale visivyohitaji tiketi, kisha ananitumia picha na ujumbe wa sauti. Mlango wa zamani wa mji, wenye minara miwili. Mnara wa taa unaoonyesha meli njia. Vichochoro vyembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili. Kanisa kuu ambalo bomu la vita lilitoboa ukuta wake, likaanguka ndani, lisipasuke. Wameliacha humo watu walione. Na kila ujumbe ulimalizika vilevile: "Na iko bure, mudogo wangu! Unaingia, unaangalia, unatoka."

Nikajiuliza: na sisi je? Si tuna bandari? Si tuna vitu vya kale? Nani basi ametukataza kuwatembeza watu? Sikuwa na kazi, na kukaa sijui. Nikaamua kuzunguka Uvira nitafute kila kitu cha zamani kinachoonekana bure, ili siku moja niwatembeze wageni.

Mama alinicheka. "Nani atatoka Bujumbura kuya kuangalia kutu?"

Lazima nikwambie kuhusu nyumba ya mama, kwa sababu ndiyo niliyokaribia kuipoteza. Iko mtaa wa Mulongwe. Baba aliijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, akafa kabla ya kumaliza chumba cha nyuma. Ziwa lilipopanda miaka hii, lilimeza mistari mizima ya nyumba upande wa chini, kisha likasimama. Kati yetu na maji zilibaki nyumba mbili. Ndugu walimsihi mama ahame. Yeye alijibu kwamba hana nyumba nyingine yenye mikono ya baba ndani yake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi, alasiri moja nilikwenda Kalundu, kwenye depo moja ya zamani, ghala la mizigo kando ya bandari. Haina mlango wala mlinzi. Ziwa limeingia ndani, maji yanafika juu kidogo ya vifundo vya miguu. Kuna pete kubwa za chuma ukutani, za kufungia meli, na mzani mkubwa ulioshikwa na kutu. Nilikuwa nimesimama katikati, simu mkononi, namrekodia yaya Solange, niliposikia mtu nyuma yangu.

"Iko bure?"

Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, koti la kazi limepauka. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Ningeshangaa nini? Mle ndani nani asingelowa?

"Iko bure, papa," nikasema. "Ingia."

Nilifurahi. Mgeni wangu wa kwanza! Nikamwonyesha pete, nikamwonyesha mzani, nikamweleza pamba na kahawa na meli zilizotoka Kigoma na Kalemie. Hakujua chochote kuhusu mahali pale, au hakusema. Alinifuata tu, akiuliza, "Na hii?" Nikimaliza kueleza, anauliza tena, taratibu, kama mtu anayeogopa kudaiwa: "Na hii pia iko bure?"

Nilipotaka kuondoka, akasema, "Nikusindikize."

Unajua desturi yetu. Mtu akitoka kwako humwachi atembee peke yake. Unamsindikiza, mnaongea, mpaka yeye asimame aseme: basi, rudi. Asiposema, unaendelea. Kumwacha njiani ni kama kumfukuza. Mimi desturi hiyo niliiona ya kupoteza muda. Njia ni ya wote, mtu atembee anavyotaka.

"Mpaka wapi?" akaniuliza.

Simu ilikuwa bado inarekodi. Nilitaka yaya Solange acheke. Nikasema, "Mpaka Genova!"

Yule mtu hakucheka. Alisema tu, "Sawa."

Tukatoka. Alitembea nyuma yangu kidogo, upande wa ziwa. Niliongea njia nzima, mara na yeye, mara na simu. Karibu na soko mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, anayenijua tangu utoto, alinipigia kelele: "Weye mwalimu! Leo unaongea na nani? Umeshaoa, bibi tusimuone?" Wenzake wakaangua kicheko. Nilicheka nao. Nilidhani ananitania kwa sababu ya simu.

Nilipofika mlangoni kwetu niligeuka, hapakuwa na mtu. Nikafikiri amekata kona bila kuaga. Je, nilimwambia "rudi"? Hapana. Hata haikunijia akilini. Lakini niliona kitu, na nilikiona vizuri: kwenye vumbi kavu la kiwanja chetu kulikuwa na nyayo za maji, zinakuja mpaka kizingitini. Zinakuja tu. Hazikurudi.

Nikajiambia ni mtoto wa jirani ametoka kuchota maji. Umeona nilivyokuwa?

Kesho yake yaya Solange akanijibu. "Mudogo, nimecheka sana. Lakini mbona ulitembea mu maji mpaka nyumbani? Barabara imezama?" Nilisikiliza tena nilichomtumia. Niamini, ile barabara ilikuwa kavu, pikipiki zilikuwa zinatimua vumbi. Lakini kwenye simu, chini ya sauti yangu, mtu alikuwa anatembea ndani ya maji. Pwaa. Pwaa. Kutoka Kalundu mpaka Mulongwe, bila kusimama.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikaweka mguu kwenye maji.

Nilifanya anachofanya kila msomi: nilitafuta sababu. Ziwa limepanda. Maji yanapita chini ya udongo. Nikachimba mfereji. Nikaenda kwenye zile nyumba mbili zilizo kati yetu na ziwa, nikawaomba waniruhusu kuangalia sakafu zao. Zilikuwa kavu, zimefagiliwa. Niambie wewe, maji gani hayo yanayoruka nyumba mbili na kuingia ya tatu? Na ndani ya nyumba yetu yalianzia chini ya kitanda changu, si mlangoni. Siku baada ya siku yaliongezeka. Ukuta wa chumba cha nyuma, ule ambao baba hakuumaliza, ukaanza kupasuka.

Mama alikuwa anayachota kwa bakuli alipouliza, bila kunitazama: "Siku ile ulitembea na nani?"

"Muntu fulani wa Kalundu. Alinisindikiza."

"Na ulimuambia rudi?"

"Nilisahau."

"Muntu anasahau hiyo? Ulimuambia anakusindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka Genova. Nilikuwa nacheka tu, mama."

Mama aliweka bakuli chini. "Basi weye haujafika. Na yeye hajafika. Hapa kwangu munapita njia tu, na iko anapita na maji yake."

Nilitaka kubishana. Nikatazama ule ufa ukutani, nikafunga mfuko wangu. Siku niliyoondoka, nyumba ilikauka. Mama alinipigia simu, hakujua afurahi au alie. Nikalala Makobola kwa shangazi; maji yakaja Makobola. Nikafikiri: nitapanda mpaka ziwa lishindwe. Nikapanda Bijombo, kwa rafiki niliyesoma naye, huko juu kwenye ng'ombe na baridi, ambako samaki hufika akiwa mkavu ndani ya gunia. Asubuhi ya kwanza mama wa rafiki yangu aliingia kuniletea maziwa, akasimama. Sakafu ya udongo ilikuwa imelowa, inanuka ziwa, na karibu na mkeka wangu ndagala mmoja alikuwa anarukaruka. Mzima. Bijombo! Yule mama aliweka maziwa chini polepole, akaniambia kwa upole kwamba barabara ya kushuka ni nzuri asubuhi.

Nitakimbilia wapi tena? Nilikuwa nimechoka kubeba viatu vyenye maji. Niliota tu kulala katika nyumba ambayo baba aliijenga, sakafu ikiwa kavu. Nikateremka moja kwa moja mpaka Kalundu.

Alikuwa pale, mahali pale pale, kama vile hakuwahi kuondoka, na mimi nikijua kwamba ameniandama mpaka milimani.

"Rudi, papa," nikasema. "Hapa panatosha. Umenisindikiza vya kutosha."

"Tumefika?"

"Hapana, lakini..."

"Minye nilisema sawa," akajibu. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na adabu. "Ulisema mpaka Genova. Siwezi kukuacha mu njia."

Nilisimama mle majini, nikafikiria nyumba ya mama, nikatoa simu. Picha za yaya Solange zilikuwa zote humo. Nikazitazama, nikatazama depo. Kisha mimi, nisiyekubali neno bila ushahidi, nikafungua kinywa nikadanganya.

"Samahani, papa. Uchovu wa safari. Tumefika. Hii ndiyo Genova."

Akatazama huku na huku. "Hii?"

"Hii. Kuya nikutembeze."

Nikampeleka kwenye nguzo mbili za lango lililoanguka. "Huu ni mlango wa zamani wa mji. Unaona minara?" Akaitikia kwa kichwa. Nikampitisha kati ya makontena mawili ya chuma yaliyoachwa pembeni, nikamwambia anyooshe mikono, aguse pande zote mbili. Hivyo ndivyo vichochoro vya hapa vilivyo. Alinyoosha, akagusa, akatabasamu kidogo. Antena ya simu iliyo mlimani nikaiita mnara wa taa. Ule mzani wenye kutu nikauita bomu. Nikamweleza lilivyotoboa ukuta wa kanisa na kuanguka katikati, lisipasuke.

"Na watu?" akauliza. Ndilo swali lake la kwanza lililokuwa tofauti.

"Walipona."

"Vizuri," akasema. Akakigusa kile chuma kwa kiganja, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. "Na hii pia iko bure?"

"Yote iko bure."

Kisha akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na mikono yake ilikuwa baridi kama samaki. "Basi tumefika. Minye ndiye nabaki. Weye rudi."

Nikarudi. Sikugeuka. Njia nzima nilisikia viatu vyangu tu, kwenye vumbi.

Nyumba ya mama iko kavu mpaka leo. Ule ufa niliuziba mwenyewe. Unadhani basi nimetulia? Yaya Solange amenitafutia nafasi ya kusoma kule. Amenihimiza mara nyingi, na kila mara nimetafuta kisingizio. Nawezaje kumwambia kwamba siwezi kuukanyaga mji huo, kwa sababu siku nitakapoufikia kweli, kuna mtu atakayejua kwamba hatukuwa tumefika? Sikai. Naamka, natembea, nagusa sakafu kwa vidole, nalala, naamka tena.

Na kuna jingine. Watu wanaopita kwenye ile depo mchana, wavuvi na wanafunzi wanaokwenda kupiga picha, wameanza kusimulia. Hawaijui habari yangu, sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mama, na sasa wewe. Wanasema kuna mwanamume mle ndani, amelowa mpaka magotini, mwenye adabu nyingi, anayeongea Kiswahili cha hapa hapa. Anawasimamisha na kuwauliza kama kuna mmoja wao anayeijua njia ya kurudi Uvira. Anasema yuko mji wa watu, mbali sana, na hamjui mtu yeyote huko.

Wao hucheka, humwambia, "Papa, si hii ndiyo Uvira?" Yeye hutikisa kichwa. Mtu aliyesoma alimhakikishia kwamba siyo.

Kwa hiyo nenda Kalundu, ukipenda. Angalia pete na mzani, ni bure kweli. Mtu akikusindikiza, popote, simama mapema umwambie "rudi", na usimtajie kwa mzaha mahali usipokwenda. Lakini huyo akikuomba njia, usimwambie, "Tuende, nikufikishe." Kwake ni wapi, mimi sikumuuliza. Na wewe utakayemsindikiza, utarudi lini, kama hakuna ajuaye mahali pa kumwachia?